Aliyemsemea Nunuu

Maumivu hayana wakili. Mmeisikia methali hii kwa wakubwa, sasa mwaniuliza ilikotoka. Ilianza hivi, na msitarajie kicheko.

Hapa mtaani aliolewa msichana akiitwa Nunuu. Zamani mwali akiwa fungate, ile wiki ya kwanza ya ndoa, hakusema mbele ya mwanamume mgeni. Somo yake, mama aliyemfunda, ndiye aliyemjibia kila kitu. Somo wa Nunuu alikuwa Bi Mize, mwanamke mwenye heshima zake na mdomo wake.

Fungate haijaisha, Nunuu akashikwa na tumbo. Bi Mize akamkanda kwa maji moto. Nunuu akauma kanga, akanyamaza, na Bi Mize akasema ametulia. Mumewe hakuridhika, wakampeleka kwa Daktari Liang, Mchina aliyetibu kwa mitishamba na sindano.

Tabibu yule hakutoa dawa kwa kuambiwa "tumbo" tu. Kwake maumivu yana tabia: yapo yanayovuta, yapo yanayochoma, yapo yanayohama na yanayokaa mahali pamoja. Mengine hupenda joto na mkono, mengine huvikataa. Akiikosea tabia, ameikosea dawa.

"Mwanangu, ukibonyezwa hapo unapata nafuu, au yanazidi?"

"Niulize mimi," akasema Bi Mize. "Mwali hasemi."

"Mama, wewe huumwi."

"Mimi ndiye ulimi wake. Nikimkanda hutulia. Ni baridi tu imemwingia. Na mkono wako usimguse."

Daktari akamtazama Nunuu. Nunuu akainamisha kichwa, maana ndivyo alivyofundwa. Basi akapewa dawa ya baridi: tangawizi ya kunywa, na majani ya kuchomwa karibu na tumbo ili lipate moto. Joto juu ya joto.

Kesho yake homa ikapanda. Mama yake mzazi, Bi Raya, akaja kumtazama, akafunga mlango, akamuuliza mwenyewe.

"Panachoma, mama. Hapa hapa tu. Nikiguswa naona kufa."

Wakamkimbiza kwa Mchina. Aliposikia maneno yale, akakaa kitini.

"Ningeambiwa hivi jana," akasema, "ningempeleka akapasuliwe jana hiyo hiyo."

Nunuu hakufika hospitali.

Matangani Bi Mize alimwambia kila aliyeingia kwamba alijibu maswali yote ya daktari, hakubakisha hata moja. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na nilimchukia. Bi Raya alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ulijibu yote, shoga yangu," akasema. "Lakini maumivu hayana wakili."