Kwa Nini Jaribio Likianguka Husema Lilitarajia Nini

Nyie, hebu ondoeni mikono kwenye hizo kompyuta. Jaribio moja tu limeanguka, mmeshanuna! Mimi Bi Mafunda nafundisha watu kujaribu programu tangu sijaota mvi. Nisikilizeni.

Hapo kale programu zilitembea kwa miguu kama sisi. Kabla ya kwenda kazini, kila moja ilibeba jibu lake kikapuni hadi langoni, na pale alikaa mlinganishi mmoja tu, mzee Ndiye, na kikapu cha mfano, chenye jibu sahihi, kando yake. Alitazama hiki, akatazama kile, akasema "Pita" au "Hapana". Basi. Sababu hakutoa.

Fundi mmoja, Zaituni, alitengeneza programu ya kupanga dawa za watoto, maana homa ilikuwa imeingia mtaani kwao na mwanawe Shazili alikuwa anawaka moto. Programu ikapeleka kikapu. "Hapana." Zaituni akaifumua, akaisuka upya. "Hapana." Akapunguza dawa, akaongeza, akalia, akarudisha kama mwanzo. "Hapana." Huku nyumbani mtoto ameacha kula.

Mwishowe alikwenda mwenyewe, kanga imemlegea kiunoni.

"Mzee Ndiye, shikamoo nitakupa kesho," alisema. "Leo niambie, ulitarajia nini, na umeletewa nini?"

Ndiye alishangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nilitarajia kikapu hiki," akasema, akigusa cha mfano. "Nimeletewa kile."

"Ala! Kumbe muda wote unaangalia vikapu?"

Zaituni akavimwaga vyote viwili mkekani. Dawa zile zile, kipimo kile kile. Programu ilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza.

Wakuu wa lango waliona aibu. Wakamweka mlinganishi wa pili, Sawa, wa kutazama kilichomo ndani. Ndiye hawakumfukuza, maana kuna siku unataka kikapu kile kile hasa, si kinachofanana nacho. Wote wawili wakapewa sharti: ukikataa, sema ulitarajia nini na umepata nini.

Dawa zilifika. Shazili alipona, ila sikio la kushoto halikusikia tena.

Na tangu siku hiyo jaribio halianguki kimya kimya. Hutoa mistari miwili: kilichotarajiwa, kilichopatikana. Nanyi mnaifuta bila hata kuisoma! Haya, rudini vitini mkaisome. Kuna mama aliipata imechelewa.