Kindi na Sufuria ya Waliofungwa

Paukwa!
Pakawa!
Kiwanjani?
Tupo!
Tumefungwa?
Tumezoea!

Basi palikuwa na timu ya Wadogo. Digidigi alikimbia vizuri, ila mpira aliuacha nyuma. Nungunungu alipopiga kichwa, mpira ulilia fyuuu, ukalala. Kobe alikuwa golini, na aliporuka, mpira ulikuwa umeshaingia.

Masika yakaisha, wamefungwa. Kipupwe kikaisha, wamefungwa.

Na desturi ya kiwanja ilikuwa moja: aliyefungwa humpikia aliyefunga. Kila mechi Kindi, shabiki wa Wadogo, alibeba sufuria kichwani, akapika, koro koro koro. Fisi, nahodha na golikipa wa Wakubwa, akala, kafu kafu kafu. Wakati wa kurudi Kindi aliipiga ile sufuria tupu, di-di-ndi! Nao wakaimba njia nzima:

"Miguu imeshindwa, koo hazijashindwa!"

Ilipobaki mechi ya mwisho, Fisi akasema, "Enyi wapishi wangu! Mkifungwa tena, timu ivunjwe. Mtakuwa mnanipikia tu, bila kunichosha kwa mpira."

Siku hiyo njiani hakuimba mtu. Kobe alilia ndani ya gamba lake.

"Kaka Kobe, unalia nini?"

"Timu ikivunjwa, siku ya mechi nitakwenda wapi, dada Kindi?"

Kindi akaitazama sufuria yake. Siku ya mechi aliwahi kiwanjani peke yake, akapika maharage ya nazi kabla ya filimbi. Koro koro koro. Harufu ikatangulia, Fisi akaifuata.

"Shikamoo, mjomba Fisi."

"Marahaba. Mbona leo umepika mapema?"

"Kwani sisi tumewahi kushinda, mjomba? Nimeona nisikuweke na njaa."

"Una akili, mpwa wangu!"

Wakaja Nyati na Ngiri, wachezaji wenzake. "Nahodha, na sisi tuonje."

"Tokeni hapa! Golikipa ndiye anayechoka."

Kafu kafu kafu! Akalamba hata mwiko.

Filimbi ikalia, pyee! Nyati akasimama tu. Ngiri akakaa chini.

"Kimbieni!" Fisi akafoka.

"Aliyekula ndiye akimbie," Nyati akajibu.

Digidigi akaja, tepu tepu tepu, na safari hii mpira alikuwa nao. Akapiga. Fisi akataka kuruka, tumbo likakataa. Mpira ukapita pembeni yake taratibu, biri biri biri, ukaingia. Ikaisha hivyo, moja bila.

"Haya, mjomba," Kindi akamkabidhi sufuria. "Aliyefungwa hupika."

"Lakini mimi nimeshiba!"

"Sisi bado."

Fisi akapika maharage. Yakaungua. Wadogo wakala hivyo hivyo, wakamwachia sufuria aisugue, wakashika njia.

Kindi akatafuta cha kupiga, hakuna.

"Tuimbe ule wetu?" Digidigi akauliza.

"Miguu haikushindwa leo," Nungunungu akasema. "Haufai."

Wakatembea bila wimbo wala sufuria. Njia ikawa ndefu. Mwishowe Kobe akasema, "Msimu ujao, Mungu akipenda, tutafungwa tena."

"Na sufuria nitabeba mimi," Kindi akasema.

Bibi Somoe, tuliyeirithi ngano hii kwake, alituachia funzo lake, nami siliongezi wala silipunguzi: wanangu, msipike kabla ya mechi, mtaharibu msimu mzuri.

Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imeungua, alipika Fisi.