Fundo Lisilo na Moshi

Hapo zamani, nyumba za milimani zikiwa bado za nyasi na kengele ya kanisa ikiwa ingali ngeni masikioni, aliishi Upare mwanamke mfinyanzi, jina lake Nakunda. Tegeni masikio, enyi mliokusanyika, maana hukumu ya habari hii haimo kinywani mwangu.

Nakunda alikuwa peke yake. Mume alikuwa amelala kaburini, na mtoto Mungu hakumjalia. Mwenyewe alichimba udongo, mwenyewe aliukanda, mwenyewe alifinyanga, mwenyewe alichoma, mwenyewe alijitwika kwenda sokoni. Asipokaza macho juu ya kazi yake, hapakuwa na jicho jingine. Na udongo hauna subira: ukiuacha kabla ya saa yake, hupasuka. Maandiko yamemfanya mfinyanzi kuwa mfano wa Muumba. Wala Muumba hakuitwa kwenda kunywa togwa siku alipokuwa akimfinyanga Adamu.

Lakini Nakunda aliitwa. Mwanamke anayefanyia kazi uani kwake, machoni pa watu hana kazi. Yupo nyumbani tu.

Alikuja jirani yake, Mama Senzota, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkunjufu. "Nakunda wee! Mvua hiyo, njoo tuanue maharage!" Akaacha udongo, akaenda. Aliporudi, udongo umepasuka.

Alikuja kaka yake, Mbonea. "Mdogo wangu, ng'ombe wa watu wamelala shambani kwa mama. Twende ukashuhudie, wewe si upo tu?" Akaacha udongo, akaenda. Aliporudi, udongo umepasuka.

Hata mama yake mzazi, aliyekaa ng'ambo ya bonde, alituma neno: "Mwambieni aje tuote moto, upweke unaniua." Akaacha udongo, akaenda. Aliporudi, udongo umepasuka. Sokoni wanunuzi wakamzoea mfinyanzi mwingine, na jikoni kwa Nakunda majivu yakapoa.

Basi, kulikuwa na desturi. Siku ya kuchoma vyungu, mfinyanzi hufunga fundo la jani la sale, ule mmea wa mipakani, langoni pake. Likionekana, hakuna hodi, hakuna salamu, hakuna kuita jina; walisema mtu akiitwa, chungu kilicho motoni hupasuka. Moto ukizimika, fundo hufunguliwa. Sheria ilikuwa ya moto, nayo ilikoma na moto.

Nakunda alifunga fundo akachoma, na utulivu ukawa mtamu kama asali mwambani. Akajisemea, "Kwa nini utulivu huu uwe wa siku ya moto tu?" Kesho yake akalifunga akiwa anakanda. Siku iliyofuata akalifunga akiwa anafinyanga. Mwishowe sale haikufunguliwa ila siku ya soko na siku ya Bwana. Vyungu vikatoka vizima, ukivigonga vinalia. Wanunuzi wakarudi. Jikoni moshi ukarudi.

Aliyegundua ni Mama Senzota. Alipaza sauti juu ya ua, na wanawake waliotoka mtoni wakasikia. "Nakunda! Fundo ninaliona, moshi siuoni! Siku hizi vyungu vinaiva kwa baridi?"

Wakacheka. Nakunda akamshtaki kwa wazee kwamba amevunja fundo.

"Moto haukuwako!" alilia Mama Senzota.

"Makaa hayana moshi," Nakunda akajibu.

Wazee wakamsadiki mfinyanzi, maana nani ajuaye moto kumshinda? Mama Senzota akapigishwa magoti mbele ya watu. Alipoinuka, vumbi likiwa bado magotini, alisema, "Tangu leo, mdomo wangu na lango lako havijuani." Nakunda akatazama chini. Alijua kwamba amesema uongo. Akajifariji kwamba ni uongo mdogo, wa kulinda riziki.

Kisha mama yake akashika fimbo, akavuka bonde kuja kumwona. Akalikuta fundo. Akaketi nje hadi jua lilipogeuka, asiite, akarudi na njaa yake. Jumapili, mbele ya mlango wa kanisa, akamwelekezea binti yake fimbo.

"Tumbo hili lilikubeba. Nami nimekaa nje ya lango lako kama mbwa wa jirani! Vyungu vyako ndivyo vitakavyokuzika."

Watu wakashika vinywa. Neno la mzazi huota penye mwamba. Na desturi yasema halitenguliwi ila na kinywa kilicholitamka, kwa kumtemea mwana maji kifuani na kumwita kwa jina lake. Nakunda alirudi kwake. Hakwenda kuangukia miguu ya mama. Alisema moyoni, "Nitamfinyangia mtungi ambao hajauona mfano wake, ndipo niende." Akafunga fundo, akaanza kukanda.

Udongo ulikuwa bado mbichi mama alipoanguka. Akamwita Mbonea.

"Mlete Nakunda. Lile neno linanikaba hapa kooni."

"Mama, nilitengue mimi kwa niaba yako?"

"Neno la mzazi halitumwi mtu. Mlete."

Mbonea alikuwa ameshika mlango. "Na nikikuta fundo?"

Mama akafumba macho. Alikuwa mfinyanzi naye enzi zake. "Mimi ndiye niliyemfundisha kulifunga. Ukilikuta, ngoja. Nilimharibia kazi mara nyingi. Sitaki kumharibia tena."

Mbonea akashuka bonde akapanda bonde. Akalikuta fundo. Akaketi juu ya jiwe lile lile alilokalia mama. Ng'ambo ya ua, Mama Senzota alikuwa akichuma majani ya maboga.

"Shemeji, huyu amewasha tangu saa ngapi?" Mbonea akamwuliza.

Mama Senzota akatazama mbingu juu ya ua wa Nakunda. Ilikuwa safi, bila hata uzi wa moshi. Akayakumbuka magoti yake. "Unaniuliza mimi? Macho yangu yalikatazwa kuona mambo ya huko."

"Mama yu hoi, shemeji."

Mkono wake ukasimama juu ya jani. Akafungua kinywa. Kisha akakifunga, akasema, "Mungu amponye," akaingia ndani.

Na ndani ya ua, Nakunda alikuwa akilainisha shingo ya mtungi wa mama yake. Alisikia kikohozi langoni, akakitambua: ni cha kaka. Mkono ukasita. Lakini alikumbuka alivyofundishwa kanisani, kwamba aliyeshika jembe akatazama nyuma hafai kwa ufalme wa Mungu, akasema, "Nikimaliza shingo." Akamaliza shingo, akaona mdomo umepinda. Akasema, "Nikimaliza mdomo." Ole wetu, wanadamu, tunaowaandalia wapenzi wetu zawadi huku tukiwafungia mlango!

Alipofungua fundo, jua lilikuwa limeegemea milima. Mbonea akamwambia habari ya mama, wakakimbia. Kabla hawajapanda kilima cha upande wa pili, kilio kiliwapokea njiani. Walimkuta mama amelazwa chali, kikombe cha maji kando ya mkono wake, kimejaa.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo fundo lenyewe. Watu wale walikuwa na desturi ya mwisho. Mzazi akifa na neno lisilotenguliwa, mtungi wake wa maji huwekwa juu ya kaburi, na yule ambaye kwa kosa lake neno lilibaki huuvunja akisema, "Ni mimi." Mkono ukiwa wa haki, neno huzikwa pamoja na aliyelinena. Mkono usipokuwa wa haki, neno hubaki juu ya mwana maisha yake yote. Na mtungi hauvunjwi mara mbili.

Udongo ukafukiwa. Mtungi mkuukuu wa mama ukawekwa. Mzee wa kijiji akasema, "Mwenye nao aje."

Nakunda akasogea. "Ni wangu. Nilifunga fundo pasipo moto, nikawadanganya ninyi wazee. Nikasikia kikohozi cha ndugu yangu, nikaipenda shingo ya udongo kuliko shingo iliyonibeba."

Mbonea akamzuia. "Hukujua kwamba mama anakufa, mimi nilijua. Nilikuwa na miguu ya kuingia na kinywa cha kuita. Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu, sembuse jani la sale! Nililiheshimu jani kuliko roho. Ni wangu."

"Ulitii amri ya mama," Nakunda akamwambia.

"Nilitii kwa sababu kutii kulikuwa rahisi kuliko kuita."

Ndipo Mama Senzota akapasua umati, akapiga magoti, safari hii bila kuamriwa. "Mbonea angeweza kuamini kwamba ni makaa. Mimi nilijua kwamba hakuna moto. Neno moja tu, 'ingia,' nililitafuna nikalimeza, ili Nakunda aonje nilichoonja. Nanyi mnaniita Mkristo."

"Ni mimi niliyekufunga kinywa, shoga yangu," alisema Nakunda akilia. "Nilikupigisha magoti kwa uongo."

"Ulikifunga, ndiyo. Lakini ufunguo nilikuwa nao."

Mzee mmoja akanong'ona nyuma, na wote wakasikia: "Na marehemu mwenyewe? Si ndiye aliyelitamka neno, kisha akasema, 'ngoja'?" Maiti haina mkono wa kuvunja mtungi.

Mawingu yakashuka juu ya kaburi. Mikono mitatu ikawa juu ya mtungi: mmoja wenye udongo kuchani, mmoja mgumu wa jembe, mmoja wenye vumbi la kaburi. Nakunda akautazama mdomo wa mtungi ule, ulioliwa na midomo ya kata za miaka mingi, naye kwa mara ya kwanza hakujua mkono ufanye nini.

Mtungi ni mmoja, nao huvunjwa mara moja. Enyi mnaonisikiliza, mnaofunga mafundo yenu na mnaongoja nje ya mafundo ya wengine: je, ni mkono wa nani uliostahili kuuvunja?