Mgeni Aliyeingia Kinyumenyume

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa.

Pakawa!

Nyumba.

Ina wenyewe!

Haya, sasa tuko pamoja. Sogeeni, na wewe Mwanaidi acha kumfinya mwenzako.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi, palikuwa na bibi mmoja, Bi Muhanga. Mnamjua muhanga? Masikio marefu, pua ndefu, kucha za kuchimbia. Bi Muhanga alikuwa na nyumba chini ya ardhi. Aliichimba mwenyewe tangu usichana wake. Ilikuwa na ukumbi, ilikuwa na vyumba, ilikuwa baridi wakati wa jua na kavu wakati wa mvua. Nyika nzima hapakuwa na nyumba kama ile, naye alilijua hilo.

Lakini mumewe alikufa, watoto wakaenda kuchimba kwao, na zile kucha zikalika. Hakuweza tena kuchimba nyumba nyingine. Ilikuwa ile au kulala nje.

Jioni moja akaja Fisi. Akasimama mlangoni, akachungulia.

"Hodi hapa."

"Karibu," akajibu Bi Muhanga.

"Ah, kumbe upo. Bibi, nyumba yote hii unakaa peke yako?"

"Nakaa na jasho langu."

Fisi akacheka. "Sheria ya nyika unaijua. Shimo likipigiwa hodi mara tatu bila jibu, halina mwenyewe. Siku utakapokwenda kula, mimi nahamia."

Sheria ilikuwa hiyo kweli, wanangu. Na muhanga chakula chake ni mchwa, naye huwatafuta mchwa hao gizani. Bi Muhanga akaogopa kutoka. Kesho yake Fisi akaja: hodi? Karibu. Keshokutwa akaja: hodi? Karibu. Siku ya tatu akaja tena, na lile karibu likatoka kwa shida, maana bibi wa watu hakuwa ametia kitu tumboni. Fisi akaondoka anaimba:

"Nyumba kubwa, bibi mmoja, njaa itanifungulia."

Siku iliyofuata, jua likianza kuinama, akaja Mzee Ngiri. Naye alikuwa mtu mzima, mvi mpaka kidevuni.

"Hodi, dada."

"Karibu, kaka. Lakini sina cha kukupa."

"Sikuja kula. Mvua imelibomoa shimo langu, na mgongo wangu hauchimbi tena. Nipe kona niweke ubavu."

"Wewe unatoka wakati gani?"

"Asubuhi, kwenda kula majani. Jua likizama nalala."

Masikio ya Bi Muhanga yakasimama. "Mimi jua likizama natoka. Asubuhi nalala."

Wakatazamana.

"Mchanga wa mlangoni utautoa?"

"Nitautoa."

"Mchana hutanipigia kelele?"

"Sitakuwepo."

"Basi ingia."

Ngiri akageuka, akaanza kuingia kwa nyuma.

"Simama hapo hapo," akasema Bi Muhanga. "Nimekupa kona, wewe unanipa makalio?"

"Samahani, dada. Kwetu ndivyo tunavyoingia."

"Kwangu mtu anatanguliza uso."

Ngiri alikuwa na adabu zake. Akatanguliza uso, zile pembe zake za mdomoni zikakwaruza ukuta, udongo ukamwagika. Akajaribu tena, akanasa mlangoni, bibi akamsukuma kutoka ndani. Mara ya tatu Bi Muhanga, anakohoa vumbi, akasema, "Ingia unavyojua. Lakini sijapenda."

Ngiri akaingia kinyumenyume, akajilaza, uso mlangoni. Bi Muhanga akatoka kwenda kula.

Hakufika mbali, Fisi huyo.

"Hodi."

Kimya. Ngiri alisikia, lakini mgeni haitikii hodi kwenye nyumba ya watu.

"Hodi."

Kimya. Ngiri akawaza. Akiitika, amejifanya mwenye nyumba. Asipoitika, dada yake hana nyumba.

Fisi akaisema ya tatu kwa kunong'ona, asisikike, huku kichwa kimeshaingia. "Hodi."

"Karibu," akasema Ngiri.

Na pale ambapo Fisi alitarajia ukumbi, akakuta pembe mbili zinamsubiri. Fisi akatoka kinyumenyume, naye hakuwa na mazoea. Aliacha manyoya kulia, akaacha manyoya kushoto, na ule wimbo wake hakuumaliza.

Alfajiri Bi Muhanga akarudi, tumbo limejaa, roho juu. Akakuta manyoya mlangoni. Akamkuta Ngiri amesimama nje, kichwa chini.

"Nisamehe, dada. Nimeitikia hodi ya nyumba yako bila ruhusa."

Bi Muhanga akatazama manyoya. Akatazama mchanga uliokwisha kutolewa. Akainua ile pua yake ndefu.

"Umekosea neno moja tu," akasema. "Umesema ya nyumba yako. Sema ya nyumba yetu."

Majirani wakaja kushangaa. Bi Muhanga akawaambia, "Nyumba hii nimeichimba mimi, na mwenzangu anailinda. Nani mwingine hapa ana nyumba isiyokosa mtu, mchana wala usiku?" Basi akageuka, kifua mbele, akaingia kwake kinyumenyume, nyika nzima inatazama.

Na hadi leo ngiri hukaa katika mashimo ya muhanga, na huingia kwa nyuma.

Funzo lake ni hili. Mzee mwenye nyumba asiyeweza kuilinda, na mzee asiye na nyumba, hawaombi kuhurumiwa na mtu. Wanahitaji kukutana tu. Na anayeingia tofauti na wewe, mwulize kabla hujamnunia. Mnadhani kwa nini Bi Tatu wa chumba cha uani namwachia funguo zangu? Kupika hajui kabisa. Lakini hodi yangu anaiitikia.

Hadithi yangu imeingia shimoni kinyumenyume, uso uko mlangoni. Anayeitaka aipigie hodi.