Majivu Mgongoni mwa Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Moto wetu huu ni wa kuota tu. Ule wa hadithini ulikuwa wa kuunguza.

Hapo zamani za kale, ndege Kanga alikuwa mweusi tii, hana doa hata moja. Yeye na shoga yake Kwale walitaga katika kiota kimoja, katikati ya majani marefu, wakawa wanaatamia kwa zamu.

Siku moja Kwale alirudi kutoka mashambani akiwa kimya. Tangu hapo, zamu yake ikiisha tu, hutoweka. Asubuhi ya kwanza alirudi na udongo kwenye kucha. Kanga akamuuliza anatoka wapi.

"Natembea tu, shoga."

Asubuhi ya pili, udongo kwenye kucha.

"Natembea tu, shoga."

Asubuhi ya tatu, udongo kwenye kucha. Kanga hakuuliza tena. Alijisemea moyoni kwamba mwenye kuchakura hivyo amepata mchwa, na anakula peke yake.

Kwale alipotoka tena, Kanga aliyasukuma mayai yake kwa mdomo, moja moja, yote sita. Njiani akavuka ukanda wa ardhi iliyochakurwa, haina hata jani. "Si nilisema?" akanong'ona. Akayaficha ng'ambo yake, kwenye majani mazito, bila kuaga.

Adhuhuri alikwenda kunywa maji. Akasikia pori linalia: pwa, pwa, pwa. Akarudi mbio. Moto ulikuwa umekula kila kitu mpaka kwenye ule ukanda, ukakosa cha kula, ukafa. Ndani ya ukanda huo, pale kiotani, majani yalikuwa mabichi, na Kwale ameatamia.

"Mayai yako yako wapi?" Kwale akauliza.

Kanga akatazama ng'ambo. Majivu matupu.

Kwale akasema taratibu, "Nilimsikia mkulima akimwambia mkewe watachoma pori. Nikachimba kutuzunguka. Niliogopa nikikwambia utaingiwa na hofu, ukimbie, na mayai yapoe."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniambia kuwa unahama."

Kanga alisimama pale mayai yake yalipokuwa, na majivu yakamdondokea mgongoni, doa, doa, doa. Hakujikung'uta. Hayajatoka mpaka leo.

Na mpaka leo Kanga akiona nyoka, akiona moshi, akiona hata kijiti kimelala vibaya, huwapigia kelele wenzake wote. Watu husema ana makelele. Waache waseme.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye majivu.