Kidevu Kipya cha Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kwa kubana midomo? Nanyi mnaficha meno? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Kiboko Ngodo aliishi bwawani na mkewe na mtoto wao mchanga, Kito. Ngodo alikuwa na taya pana, na meno yake ya chini yalisimama juu yake imara, marefu, mazito. Na desturi ya viboko ilikuwa hii: kila kiangazi, maji yakipungua, madume hupimana midomo. Anayefunua zaidi, bwawa ni lake. Aliyeshindwa ahame na wanawe.

Siku moja Swala akaja kunywa maji. Ngodo akamtazama kidevu. Chembamba! Kimechongoka! Akajitazama majini, akaona aibu. Maskini, mwenye bwawa zima, kakosa kidevu tu.

"Nataka kidevu kama cha Swala," akasema.

"Baba Kito," mkewe akamwambia, "mdomo wa Swala ni wa kula majani tu. Kidevu chake kinabeba vijino. Chako kinabeba bwawa."

"Wivu huo, mama Kito."

Akaenda kwa Nungunungu, bingwa wa kuguguna mifupa. Bingwa huyu hakudai malipo. Alidai mfupa tu.

"Nipunguzie kidevu," Ngodo akasema. "Meno usiyaguse!"

"Siligusi hata moja!"

Na kweli hakuligusa. Muungwana huyo. Kru, kru, kru, akaguguna taya kushoto. Kru, kru, kru, akaguguna kulia. Machozi yakamtoka Ngodo, lakini akavumilia. Si wamesema, ukitaka uzuri sharti udhurike?

Akarudi nyumbani na kidevu chembamba. Lo, kilipendeza! Ila meno ya chini yalikosa pa kusimama. Moja likalala juu ya jingine. Jingine likageukia ulimi. Mengine yakanasana na ya juu.

Kiangazi kikafika. Ngwale, dume la ng'ambo, akaingia majini, chubwi! Akafunua mdomo, paaa!

"Zamu yako, mrembo."

Ngodo akafunua. Kwi. Akajaribu tena. Kwi. Mdomo ukaishia upana wa jani.

"Ndiyo hiyo?" Ngwale akauliza, akacheka mpaka maji yakamwingia puani. Kisha akawafukuza wote watatu.

Wakahamia kwenye tope lililokauka. Ngozi ya Kito ikapasuka kwa jua. "Baba, inaniuma," akalia. Ngodo akamfunika kwa kivuli chake, na moyo ukamuuma kuliko taya.

Swala akapita. "Ee Ngodo! Kidevu kimekukaa hicho! Siku hizi mnaoga wapi?"

Ngodo alitaka kumjibu. Mdomo haukufunguka.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: kabla hujaupunguza mfupa, uliza unabeba nini. Mwacha asili ni mtumwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tope. Sasa fungueni midomo, nione nani kaguguniwa.