Mwosha Macho Haulizi Jiwe

Mwosha macho haulizi jiwe. Mmelisikia neno hili leo kanisani, Padre alipowaombea vijana waliokamatwa, na sasa mnataka kujua lilitoka wapi. Sogeeni, wajukuu wangu. Nilikuwepo siku lilipozaliwa, papa hapa kwetu Taita.

Ilikuwa Alhamisi Kuu. Mnajua siku hiyo wazee kumi na wawili huketi mbele ya altare, Padre akawaosha miguu kama Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Ni heshima kubwa. Kwa hiyo kila mzee aliyechaguliwa aliosha miguu nyumbani kwanza. Alisugua visigino kwa gunzi, akakata kucha, akapaka mafuta, asije akamwaibisha mkewe. Maji ya Padre yalimwagwa yakiwa safi vilevile, na hakuna aliyeona kasoro.

Mwaka huo, asubuhi ya siku hiyohiyo, vijana waliandamana. Mwenzao mmoja alikuwa amechukuliwa sokoni na watu wasiojulikana, na mama yake alizunguka vituo vya polisi bila kupata jibu. Walianza kwa nyimbo. Baadaye mawe yakarushwa, na jiwe moja likampiga Mzee Mwachofi, fundi viatu, akifunga duka lake. Alishonwa kichwani kwenye zahanati, akafungwa bendeji, lakini alikataa kukaa nyumbani. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

"Miguu nimeshaiosha," alimwambia mkewe, "sasa niende nikalale nayo?"

Mkewe, Mama Wakesho, ndiye aliyesimamia mabeseni na majagi ya ibada. Padre alikuwa bado njiani. Tukiwa tumeketi kanisani tukisali rozari, tulisikia mabomu ya machozi yakilipuka barabarani, kisha miguu ya watu wengi ikikimbia kuja kwetu. Katekista Mghalu aliruka akaukaza mlango kwa bega.

"Wameharibu mji, sasa waje waharibu na kanisa?"

"Fungua, Mghalu," alisema Mama Wakesho. "Nyumba hii si yako wala yangu."

Akafungua. Vijana waliingia wakikohoa, wameshikana mikono kama vipofu. Maji yaliyokuwa karibu ni yale ya miguu ya wazee tu. Wazee walitazamana. Wa kwanza akainuka akampisha kijana kiti, kisha wa pili, na mmoja alinung'unika kwamba amejiandaa tangu Jumatatu, na hajawahi kuona jambo kama hili. Kina mama tukashika majagi.

Mama Wakesho alipata kijana aliyeitwa Mwadime. Macho yake yalikuwa yamevimba, hayafunguki. Alimwinamisha kichwa, akaanza kummiminia maji polepole. Kijana akamshika mkono.

"Mama, niache. Mimi sistahili."

"Nani anayestahili? Tulia."

"Hujui. Leo nimempiga mzee mmoja kwa jiwe. Yule wa viatu. Nilimwona akianguka."

Jagi lilisimama hewani. Mzee Mwachofi alikuwa ameketi benchi la nyuma yao, na alisikia kila neno. Katekista naye alisikia.

"Ndiye huyu!" alisema. "Mtoeni nje! Askari wako pale langoni, wamalizane naye wenyewe."

Tulijua maana yake. Mtu asiyeona angetiwa mikononi mwa wenye rungu, na labda naye asingeonekana tena. Kanisa zima lilimtazama Mama Wakesho. Nilimwona akifumba macho, midomo ikitikisika. Alichomwambia Mungu sikukijua. Kisha akainamisha jagi tena.

"Geuka," alimwambia kijana. "Nipe jicho la pili."

"Lakini mama, yule mzee..."

"Habari ya jiwe tutaongea ukiwa unaona."

Aliosha mpaka macho yakafunguka. Mwadime alipoinua kichwa, kitu cha kwanza alichokiona ni bendeji. Aliinuka nusu kama anayetaka kukimbia, kisha akaketi tena.

"Unaniona sasa?" aliuliza Mzee Mwachofi.

"Nakuona, Baba."

"Haya. Nilikukosea nini? Au viatu vyako nilivishona vibaya?"

"Sikukulenga wewe, Baba. Niliwalenga askari."

"Jiwe likitoka mkononi halina masikio. Na askari naye ana mama." Mzee alipumua. "Hasira yote hii ni ya nini, mwanangu?"

Kijana alianza kulia, na safari hii si kwa moshi. "Yule aliyechukuliwa sokoni ni ndugu yangu. Mama yangu halali. Kila anapokwenda kuuliza, wanamfukuza."

Mzee Mwachofi aligeuka akawatazama wazee wenzake. Sote tulijua habari za mama yule, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsindikiza.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, kabla ya Njia ya Msalaba, mzee yule mwenye bendeji alitangulia kwenda kituo cha polisi, mama yake Mwadime kando yake, na nyuma yao wale wazee wengine. Waliketi kituoni wakasali kwa sauti, wakakataa kuondoka. Mkubwa wa kituo angeweza kumfukuza mwanamke mmoja, lakini si wazee wote wa parokia siku kama ile. Baada ya Pasaka, ndugu yake Mwadime alirudi nyumbani, amekonda, anachechemea, lakini yu hai.

Hapo ndipo Katekista Mghalu alipomwendea Mama Wakesho.

"Ulijua ndiye aliyemwaga damu ya mumeo, ukaendelea kumwosha. Uliwezaje?"

"Mwosha macho haulizi jiwe, Katekista," alijibu. "Ningeuliza kwanza, ungemtoa nje, na habari ya ndugu yake ingetoka naye."

Jiwe halikusahauliwa, wajukuu wangu. Liliulizwa, na Mwadime alilijibu mbele ya yule aliyepigwa nalo. Lakini liliulizwa baada ya maji. Kwa hiyo mkimwona kijana amekimbilia mlangoni kwenu, haoni mbele wala nyuma, msianze na kosa lake. Mwosha macho haulizi jiwe.